Muulize Mkunga: "Hospitali yenyewe haina umeme wa uhakika, kwanini niende kujifungulia huko?"

Kamwene wapendwa. Mwezi huu meseji nyingi zimekuja kuhusu kujifungua kwenye hospitali zetu za vijijini, nadhani ni kwa sababu mvua zimeshaanza na kila mtu anaiangalia barabara ya kwao. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa, na najua walioko kwenye hali hiyo ni wengi kuliko wanaoandika.

Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 20, naishi Makete kijijini huko juu, ni mimba yangu ya kwanza na kadi inasema natarajia mwishoni mwa mwezi wa pili. Nesi wa zahanati yetu kaniambia nisijifungulie pale, niende hospitali mapema nikakae nyumba ya kujingojea. Kutoka kwetu ni masaa matatu kwa gari kama barabara haijaharibika. Mume wangu anasema kukaa wiki tatu bila kazi ni hela, na mama mkwe anasema yeye kazaa saba na hakuna hata mmoja aliyeenda kusubiria. Halafu wifi yangu alijifungulia hospitali hiyo hiyo mwaka jana, umeme ukakatika wakamzalisha kwa tochi ya simu, na daktari wa kupasua ni mmoja tu. Sasa najiuliza, kama na wao hawana vitu si bora nibaki tu nyumbani na watu wangu?

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Wifi yako hajakudanganya hata kidogo. Nimefanya kazi leba kwenye hospitali za huku milimani miaka mingi na hiyo tochi ya simu nimeishika mwenyewe, kuna siku nimeibana mdomoni ili mikono yote miwili ibaki kwa mama. Jenereta ipo ila dizeli imeisha, sola inawasha taa mbili, maji yanachemshwa kwa kuni, glovu mnazihesabu. Sikufichi. Ila liangalie swali lako vizuri, maana wewe umeilinganisha hiyo hospitali na zile kubwa za mjini, wakati wewe unachagua kati ya hospitali hiyo na nyumbani, na nyumbani hata tochi ikiwepo hamna wa kuishika anayejua anaangalia nini.

Ngoja nikwambie nilichokiona. Kuna wiki moja ya mwezi wa tatu, mvua kama hizi, tulipokea akina mama wawili, hospitali ile ile, jenereta ile ile. Wa kwanza aliletwa saa kumi alfajiri. Walimtoa kijijini kwa machela ya miti na blanketi mpaka barabarani, halafu pikipiki, yeye kakaa katikati, dereva mbele, shangazi yake nyuma kamkumbatia asidondoke. Uchungu ulikuwa umeanza juzi yake asubuhi. Wakamwambia vumilia, wa kwanza huwa anachelewa, wakampa na kikombe cha dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu. Nilipomwekea fetoskopu tumboni, ile pembe ndogo tunayosikilizia mapigo ya mtoto, nikatafuta kulia, nikatafuta kushoto, nikashuka chini ya kitovu, nikamwambia mwenzangu hebu nyamaza kidogo, nikatafuta tena. Kimya. Na tumbo lenyewe lilishabadilika umbo, mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka. Daktari alimfungua, mtoto tukampoteza, mfuko ukatolewa, mama akapona na kurudi kwao baada ya wiki tatu. Alikuwa na miaka 19.

Wa pili alikuwa amekaa nyumba ya kujingojea siku kumi na moja, anafuma sweta la mtoto. Kujifungua kulienda vizuri kabisa, mtoto akalia, kondo la nyuma likatoka lote, halafu damu ikaanza na haikukata. Sindano ya oksitosini alishapata, tukasugua tumbo, tukaongeza dripu, bado inakuja tu. Ikabidi tufanye kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukisikia, tunachukua kondomu, tunaifunga kwa uzi kwenye mpira wa mkojo, tunaiingiza ndani ya mfuko wa uzazi halafu tunaijaza maji ya dripu mpaka ivimbe na kuibana ile mishipa inayovuja. Mbinu hii tumeipata kwa daktari mwanamama wa Bangladesh anaitwa Sayeba Akhter, ambaye naye alikuwa anaona akina mama wanaisha kwa damu na vifaa vya bei kubwa hamna. Damu ikapungua. Mlinzi wa getini akatoa uniti moja, mwanafunzi wa uuguzi akatoa nyingine. Kulipokucha yule mama alikunywa uji, kikombe kizima, nikakaa pale nikimwangalia mpaka akamaliza.

Vifaa vilikuwa vile vile kwa wote wawili mwanangu. Ila yule wa pili alikuwa hatua kama arobaini hivi kutoka mlango wa leba. Damu ya baada ya kujifungua inaweza kummaliza mtu ndani ya masaa mawili, na wewe kwenu mpaka hospitali ni matatu, tena barabara ikiwa kavu. Hospitali yenye vitu vichache inaweza kukuokoa kama ukiipa muda, na muda ndio dawa pekee ambayo sisi hatuwezi kuiagiza Bohari ya Dawa, lazima uje nao wewe.

Mama mkwe mheshimu, na kweli kazaa saba, ila nyonga yake ilishajulikana tangu yule wa kwanza. Ya kwako haijawahi kupitisha mtoto, hakuna anayejua itafanyaje, hata mimi nikikupima leo siwezi kukuhakikishia. Ndo maana kwenye kadi ya kliniki kuna zile sehemu nesi anaweka alama, umri mdogo, ufupi chini ya sentimita 150, kovu la operesheni, aliyewahi kupoteza mtoto, na ndo maana mimba ya kwanza na zile za tano kuendelea tunapenda ziende mahali penye chumba cha upasuaji na damu. Nesi wa zahanati aliyekwambia usijifungulie kwake kakupenda, mwambie asante. Zahanati haina chumba cha upasuaji, haina benki ya damu, na usiku mara nyingi anabaki mtu mmoja. Halafu mama mkwe akisema zamani walizaa tu, mwulize kwa upole wale ambao hawakurudi nyumbani walikuwa wangapi kijijini kwake, wazee huwa wanawakumbuka kwa majina. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakuta 104. Mimi niliyekuwa wodini miaka hiyo naamini kabisa watu kufika mapema kumechangia sana.

Kuhusu hela, kaa na mumeo jioni akiwa ametulia mpige hesabu pamoja. Wiki mbili tatu za kukaa kule ni unga, maharage, mafuta, kuni au mkaa, na nauli ya mchana ambayo ni ya kawaida. Kukodi Noah usiku wa mvua wakati mkeo analia ni bei atakayotaja dereva, na hapo huna nguvu ya kubishana. Kama shamba ndo linamshikilia, aende shambani, akusindikizie mama yako au mdogo wako akae na wewe. Nenda wiki ya 37 hivi au hata kabla kidogo kama mvua ni kubwa, usingoje tarehe ya kwenye kadi, mtoto hasomi kadi. Beba nguo za baridi za kutosha maana unajua kwenu usiku ulivyo, kofia na soksi za mtoto, khanga safi nne au tano, na vile vitu ambavyo nesi atakuandikia.

Na ukifika usione aibu kuuliza. Uliza daktari wa operesheni yupo siku zote au kuna siku anasafiri, akisafiri wanawapeleka wapi, kama benki ina damu ya grupu lako, na kama hujui grupu lako ndo uliulize hilo la kwanza kabisa. Nesi mzuri hatakasirika. Mimi nilikuwa nafurahi nikiulizwa, kwa sababu mama anayeuliza hivyo ndo huyo huyo atakayeniita mapema kitu kikienda vibaya.

Sasa ikitokea mambo yakaanza ukiwa bado kijijini, namba ni 115, ni bure, mchana na usiku. Huo ni mfumo wa m-mama ambao ulitangazwa kwa nchi nzima 2022. Anayepokea anakuuliza maswali machache halafu anatafuta gari lililo karibu, ambulensi kama ipo, kama haipo dereva wa kwenu huko huko aliyesajiliwa, na dereva analipwa na serikali, wewe hulipi. Ni kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua mpaka siku 42 na kwa mtoto mchanga mpaka siku 28. Iandike kwenye karatasi muibandike mlangoni, maana siku ya siku mtu anasahau hata jina lake. Na usisubiri uchungu ndo upige. Kichwa kikiuma sana hakiachi, macho yakiona ukungu au nyota nyota, uso na mikono ikivimba, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo ni presha, na kifafa cha mimba hakiko mbali. Damu ukeni, hata kama haiumi. Maji kutoka kabla ya wakati. Mtoto kupunguza kucheza. Hivyo vyote ni safari ya siku hiyo hiyo, usilale navyo mpaka asubuhi.

Na kile kikombe cha mizizi, wakikuletea kwa upendo kiasi gani, usinywe. Huwezi kujua kina nguvu kiasi gani, na tumbo likibana kupita kiasi wakati mtoto hana pa kupita, ndo yale niliyokueleza juu.

Dada habari. Mke wangu kajifungua mtoto wa tatu kituo cha afya kimoja huku Songwe. Tuliambiwa tuje na glovu, mpira wa kutandika, pamba na nyembe, wakati tunasikia mama mjamzito ni bure. Baadae akatoka damu nyingi wakaniambia nilete ndugu watoe damu, nikahisi kuna biashara. Na nesi alimwekea chini plastiki kama mfuko una mistari na namba, sijui ni ya nini. Mke yuko salama ila moyo wangu haujatulia.

Kaka yangu, nashukuru mkeo yuko salama. Nianze na huo mfuko wa plastiki kwa sababu ndo uliokurudishia mkeo. Miaka yote sisi wakunga tulikuwa tunakadiria damu kwa macho, damu ikilowana kwenye khanga na shuka unaona kidogo kumbe ni nyingi, na tunapokuja kushtuka mama ameshapoa miguu. Mfuko huo unakinga damu yote na namba zinasema, ikifika mililita 500 hakuna mjadala, na mama akionyesha dalili hata kabla ya hapo mnaanza, kusugua tumbo, sindano, dripu, dawa ya kuzuia kuvuja, kukagua kama kuna kipande cha kondo kimebaki au amechanika, vyote kwa pamoja sio kimoja kimoja mkisubiri kuona. Utafiti uliotoka 2023, uliofanyika kwenye hospitali karibu 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ulikuta matatizo makubwa ya kutoka damu yamepungua kwa asilimia 60 kwa kufanya hivyo tu. Kwa plastiki, kaka. Yule nesi alikuwa anajua kazi yake.

Damu haiuzwi. Ila haitengenezwi kiwandani pia, inatoka kwa mtu. Ukanda wetu una kituo cha Damu Salama pale Mbeya, damu inapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende kabla haijaenda kwa mgonjwa, na ikishakusanywa inakaa kwenye friji wiki kama tano tu halafu imekwisha muda. Vituo vidogo friji lao lina chupa chache, likizo ya shule ikifika zinapungua zaidi kwa sababu wachangiaji wakubwa ni wanafunzi. Wakikuomba ndugu ni ili chupa aliyotumia mkeo irudishwe kwa ajili ya mwingine atakayekuja usiku. Ila kama kuna mtu alikutajia hela ya damu, hiyo ni makosa na usinyamaze, nenda kwa mganga mfawidhi umweleze siku na saa.

Kwenye glovu na mpira hasira yako naielewa na sitaitetea hali hiyo. Sera inasema huduma za uzazi ni bure, vituo vinaishiwa kabla mgao mwingine haujafika, na mzigo unaangukia kwa mama. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mama "hujaja na glovu" kwa sauti ambayo sikutakiwa kuitumia, alikuwa kakaa kwenye benchi kakunja mikono, na nikikumbuka uso wake bado naumia. Kila kituo kina kamati ya afya na kwenye kamati kuna wananchi wa kwenu, ulizeni kwenye mkutano wa kijiji dawa na vifaa vilivyoletwa robo hii ni vingapi, mna haki ya kuuliza. Ila mwenye mimba nyumbani asiache kununua hivyo vitu eti kwa sababu ni haki yake, avinunue na kudai adai.

Halafu nikuombe kitu. Kama una kilo 50 kwenda juu na huna ugonjwa, wewe mwanaume unaweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu. Nenda bila kuitwa.

Mkunga, mimi nachuma chai Mufindi, mimba miezi mitano. Wekundu wa damu nimepimwa mara mbili haupandi na vidonge nameza kila siku. Tatizo nini?

Unavimeza na nini mdogo wangu? Nina uhakika ni na chai ya asubuhi. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, wengi wa huko tunawakuta hivyo, kidonge kizuri na chai nzito ya rangi vinapita pamoja na kutoka pamoja. Meza na maji, kama kuna chungwa au limao ndo bora zaidi, chai iwe saa moja au mawili mbali na kidonge na mbali na mlo. Choo kikiwa cheusi usiogope, ndo vidonge hivyo. Uliza pia kama umepimwa minyoo na malaria. Ukirudiwa kupimwa bado iko chini ya 7 hapo sio suala la vidonge tena, uende hospitali siku hiyo hiyo, usingoje mimba ikue zaidi, kwa sababu mtu mwenye damu kidogo hana akiba ya kupoteza siku ya kujifungua.

Mama shikamoo. Nimejifungua njiti wa gramu 1,700 hapa Njombe. Nilitegemea wamweke kwenye mashine, badala yake manesi wamenifunga nae kifuani kwa kitenge siku ya tano leo, usiku na mchana. Ndugu zangu wanasema tumetelekezwa kwa sababu hatuna hela. Naogopa kuuliza.

Marahaba mwanangu, hamjatelekezwa, mpo kwenye matibabu yenyewe. Wanaita kangaruu, ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ina watoto wengi kuliko mashine, madaktari wakaamua kifua cha mama ndo kiwe mashine. Wakati ule watu walidhani ni njia ya maskini, kumbe hapana. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa nchi tano ikiwemo Tanzania, kwa watoto wa kilo moja mpaka 1.8 hivi, saizi ya huyo wako kabisa. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa asilimia 25 kuliko wale walioanzia kwenye mashine.

Na hapo Njombe baridi ndo adui wa kwanza. Mtoto wa gramu 1,700 hana mafuta chini ya ngozi, akipoa anaacha kunyonya, asiponyonya sukari inashuka, anapoa zaidi, na yote hayo yanaweza kutokea usiku mmoja huku mnaona amelala tu vizuri. Kifua chako kinakaa na joto lile lile usiku kucha, hakihitaji umeme. Awe na kofia, soksi na nepi tu, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeukia pembeni na shingo isikunjike, miguu kama ya chura, kitenge kifike usawa wa sikio lake. Wewe lala umeinuka kidogo na mito. Kama hawezi kuvuta ziwa, kamua maziwa kwenye kikombe safi apewe kila masaa mawili au matatu hata kama kalala, akishindwa kumeza manesi watampitishia kwenye mpira. Miguu yake iguse kila mara kwa nyuma ya mkono wako, ikiwa ya baridi ita nesi. Akipumua haraka haraka, akiacha kupumua hata kidogo, akiwa mlegevu au wa njano mpaka kwenye nyayo, ita nesi, usisubiri raundi ya daktari.

Kuoga na kwenda chooni huwezi nae, na wewe siku tano hujalala vizuri najua. Baba yake anaruhusiwa, tena manesi wenyewe watamfundisha. Mwambie aje leo jioni kaoga, avue sweta na shati, akae kwenye hicho kiti, mfungieni mtoto kifuani kwake halafu wewe ulale masaa mawili.